Sura ya Nne: Aina za Anime na Hulka za Watu Wake

Filamu za katuni zitengenezwazo Japani, ambazo dunia nzima imekubali kuziita anime kama zinavyoitwa huko zilikozaliwa, humchosha upesi mgeni anayeziingia bila ya kiongozi, kwa kuwa baada ya kutazama visa vitatu au vinne huanza kudhani kwamba vyote ni kisa kimoja, kwamba mashujaa wake wote ni mvulana yule yule mwenye nywele zilizosimama wima, na kwamba binti aliyemwona jana akimkemea mpenzi wake katika hadithi moja ndiye huyo huyo aliyehamia leo katika hadithi nyingine baada ya kubadili rangi ya nywele. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, nami sina haja ya kuupinga: watu wa anime wanafanana, na visa vyake hupita mara kwa mara katika njia zilizokwisha kukanyagwa. Ninalotaka kulithibitisha katika sura hii ni kwamba kufanana huko kumetokana na mapatano ya miaka mingi baina ya mtunzi na mtazamaji, mapatano yenye asili yake katika biashara ya magazeti ya Japani, katika uhaba wa fedha wa watengenezaji wa mwanzo na katika masahibu ya taifa lile wakati wa vita na baada yake. Na kwamba ubora wa kazi yoyote katika fani hii hupimwa kwa namna mtunzi wake anavyoyatimiza mapatano hayo, au anavyothubutu kuyavunja.

Msomaji wa Kiswahili, maadamu amelelewa katika ushairi, hana tabu ya kulifahamu jambo hili. Asikilizaye utenzi hutazamia kwamba kila ubeti utakuja na vipande vinne, na kwamba kina cha kipande cha mwisho kitarejea toka ubeti wa kwanza hadi tamati; kina hicho kikikosekana huona kwamba amedhulumiwa, na kikipatikana hamlaumu mshairi kwa kupita katika bahari waliyoipita wengine kabla yake. Lawama humpata mshairi ikiwa ndani ya mizani zake zilizo sawa hakuna neno la maana. Vivyo hivyo mvulana wa Tokyo anayeifungua hadithi ya mapigano anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hasimu wa leo huenda akawa mwandani wa kesho, naye husoma kwa shauku ya kujua ni kwa mashaka gani na kwa gharama gani mageuzi hayo yatapatikana.

Jambo la awali la kufahamu ni kwamba Wajapani, walipozigawa hadithi zao, hawakutazama kwanza zinasimulia nini. Walitazama zinasomwa na nani. Anime nyingi huzaliwa kama manga, yaani hadithi za picha zichapishwazo kwa mafungu katika magazeti ya kila juma au ya kila mwezi, na kila gazeti lina watu wake: shonen ni la wavulana, shojo ni la wasichana, seinen ni la vijana wa kiume waliokwisha kupevuka, na josei ni la wanawake watu wazima. Tarehe 17 Machi 1959 magazeti mawili ya wavulana, Shonen Magazine la shirika la Kodansha na Shonen Sunday la Shogakukan, yalitoka siku moja, yote mawili yakiwa ya kila juma, na mashindano yaliyoanza siku hiyo hayajakoma. Mwaka 1968 shirika la Shueisha likaingia uwanjani na gazeti lake la Shonen Jump, ambalo katikati ya miaka ya 1990 lilifikia kuuza nakala zaidi ya milioni 6 kwa juma. Hadithi zake zilijengwa juu ya nguzo tatu, nazo ni urafiki, juhudi na ushindi. Na ndani ya gazeti ilitiwa kadi ya posta ambayo msomaji huandika visa vilivyompendeza na kuirudisha kwa mhariri. Kisa kilichokosa kura kwa majuma kadhaa kilikatizwa, hata kama mtunzi wake alikuwa hajafika nusu ya safari aliyoikusudia. Mtu akilijua sharti hilo hataona ajabu kwamba kila fungu la hadithi za wavulana huishia kwenye ukingo wa hatari, wala kwamba adui mmoja akishindwa hutokea nyuma yake mwingine mwenye nguvu maradufu. Mtunzi anaupigania uhai wa kisa chake kila juma, na anime itengenezwayo kutokana na kisa hicho huurithi mwendo wake wa kuhema.

Katika uwanja huo ndiko alikotokea shujaa anayejulikana kuliko wote, Son Goku wa Dragon Ball, ambaye Akira Toriyama alianza kumchora mwaka 1984 kwa kuazima hekaya kongwe ya Kichina ya nyani aliyefuatana na mtawa katika safari ya magharibi kutafuta maandiko matakatifu. Goku ni mtoto wa porini, mwenye njaa isiyoshiba, asiyejua adabu za mjini wala thamani ya fedha, mwenye moyo mweupe kiasi cha kuweza kupanda wingu ambalo halimbebi mtu wa nia chafu. Hupigana kwa shauku ya kuujua mpaka wa nguvu zake, na chuki haina nafasi kubwa kifuani mwake. Sifa hizo zikawa urithi wa waliomfuata. Luffy wa One Piece, aliyeanza safari ya kuitafuta hazina baharini mwaka 1997 kwa kalamu ya Eiichiro Oda, ana njaa ile ile na ujinga ule ule wenye baraka. Naruto wa Masashi Kishimoto, aliyetokea mwaka 1999, ni yatima ambaye ndani ya mwili wake limefungiwa zimwi la mbweha mwenye mikia tisa, naye hufanya mzaha na ukorofi kwa sababu kijiji kizima kilimtenga tangu utotoni, na hana njia nyingine ya kuwafanya watu wamtazame. Ukiwaweka pamoja watatu hawa utaona kwamba shujaa wa shonen aghalabu hana baba wa kumwongoza, hana elimu ya kujivunia, hana nasaba anayoijua vyema, na akiba yake yote ni ukaidi wa kutokata tamaa pamoja na watu anaowavuta waje upande wake.

Mimi, hata hivyo, humtazama zaidi yule asimamaye mbele yake. Vegeta wa Dragon Ball, mwana wa mfalme wa taifa lililoangamia, amejaa kibri na husuda, hawezi kustahimili kwamba mtu wa tabaka la chini amempita kwa jasho. Na Sasuke wa Naruto, aliyeuona ukoo wake ukiteketezwa na ndugu yake wa tumbo moja, huukimbia urafiki kwa kuogopa usije ukakipoza kisasi chake. Shujaa hubaki yule yule toka mwanzo hadi mwisho, na fadhila yake imo katika kutobadilika, ilhali hasimu ndiye anayeharibika, anayejuta, anayerudi nyuma na kusonga mbele tena, na kwa hiyo ndiye aubebaye mzigo mzito wa ubinadamu katika hadithi. Wajapani wenyewe walilithibitisha hilo mapema. Katika Ashita no Joe, kisa cha mwanamasumbwi maskini kilichoanza kuchapishwa mwaka 1968, Rikiishi, hasimu wa Joe, alijinyima chakula na maji ili uzito wake ushuke apate kupambana naye, akashinda pambano lile, kisha akafa. Na tarehe 24 Machi 1970 wasomaji wapatao 700 walikusanyika katika jengo la Kodansha mjini Tokyo, pakafanywa mazishi kwa taratibu zote za msiba, chini ya uongozi wa mshairi na mtunzi wa tamthilia Shuji Terayama, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuwa na mwili isipokuwa wa wino. Mwalimu wa shujaa ni mtu wa tatu katika duara hili, naye kwa kawaida ni mzee mwenye elimu kubwa na mwenendo mdogo, mfano wa Kame-Sennin katika Dragon Ball na Jiraiya katika Naruto, ambao hekima yao imechanganywa na mzaha wa kuwachungulia wanawake. Na katika hadithi iliyokusudiwa watoto, mzaha huo ni doa ambalo umahiri wowote wa kalamu hauwezi kulifuta.

Sura za watu hawa nazo zina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo inapita katika mkono wa mtu mmoja. Osamu Tezuka alizaliwa mwaka 1928, akakulia katika mji wa Takarazuka, akasomea udaktari Osaka na kuhitimu, kisha akauacha udaktari kwa ajili ya kalamu. Alizihusudu filamu za Walt Disney. Na katika mji uliomlea palikuwa na kundi mashuhuri la tamthilia ambalo waigizaji wake wote ni wanawake, wakiigiza wafalme na malkia, wapenzi wa kiume na wa kike, kwa macho yaliyopakwa rangi yakang'aa hadi viti vya nyuma. Mambo hayo mawili yaliingia katika michoro yake. Tarehe 1 Januari 1963 mtoto wake wa chuma, Atom, alianza kuonekana kila juma katika televisheni ya Fuji, na kwa kuwa Tezuka alikubali kuiuza kazi hiyo kwa bei isiyotosha gharama zake, kampuni yake ya Mushi ilibidi ipunguze idadi ya michoro kwa kila hila: mdomo huchezeshwa ilhali mwili umetulia, picha moja hushikiliwa kwa muda mrefu, na michoro ya kuruka au kukimbia huwekwa akibani itumike tena katika kisa kingine. Mwili ukinyimwa mwendo, uso hauna budi kusema. Ndipo jicho lilipopewa kazi ya kubeba machozi, ghadhabu na mshangao, na baadaye, televisheni zilipopata rangi, nywele zikawa alama ya kumtambulisha mtu kabla hajafumbua kinywa. Hayao Miyazaki, ambaye ni fundi mkuu wa filamu za kizazi kilichofuata, alimlaumu Tezuka baada ya kifo chake mwaka 1989 kwa ile bei aliyoiridhia, akiona kwamba ndiyo iliyowatia wachoraji wa Japani katika ujira mdogo. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini ni haki vilevile kusema kwamba umaskini ule ulizaa lugha ya nyuso, na kwamba lugha hiyo imedumu hata leo ambapo kampuni nyingine zina fedha za kuuchezesha kila unywele.

Hadithi za wasichana ziliandikwa hapo mwanzo na wanaume kwa sehemu kubwa. Tezuka mwenyewe alianza mwaka 1953 kukichapisha kisa cha Sapphire, binti mfalme aliyezaliwa na mioyo miwili, wa kiume na wa kike, ambaye hushika upanga na kujidhihirisha kama mwana wa mfalme ili kiti cha enzi kisiangukie mikononi mwa mahaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikaja kizazi cha watunzi wanawake, wengi wao wakiwa wamezaliwa karibu na mwaka 1949, miongoni mwao Moto Hagio na Keiko Takemiya, nao wakaigeuza fani yote: waliivunja mipaka ya picha, wakayamwaga mawazo ya ndani ya mtu juu ya ukurasa, wakamzungushia mwenye huzuni maua na nyota. Riyoko Ikeda alikuwa na umri wa miaka 24 alipoanza, mwaka 1972, kuchapisha kisa cha waridi la Versailles, ambacho Oscar, binti wa jenerali wa Kifaransa, hulelewa kiume kwa kuwa baba yake hakujaliwa mrithi, akawa kamanda wa walinzi wa Malkia Marie Antoinette, na hatimaye akaiacha fahari ya nasaba yake na kusimama upande wa raia siku ya kuvamiwa Bastille. Kundi la Takarazuka likakiigiza kisa hicho jukwaani mwaka 1974, na anime yake ikafuata mwaka 1979. Hivyo mwanamke mwenye upanga, aliyetoka katika jukwaa lile kupitia mkono wa Tezuka, alirejeshwa huko na mwanamke mwenzake, naye amekuwa hadi leo mmoja wa watu wenye heshima kubwa katika anime: mwenye murua, mwenye soni mbele ya huba, na mwenye kulipa kwa maisha yake uhuru alioonjeshwa.

Dada yake mdogo ni binti wa uchawi. Wa kwanza wa jamii hiyo katika televisheni alikuwa Sally, mwaka 1966, aliyetokana na jinsi Wajapani walivyopendezwa na tamthilia ya Kimarekani ya Bewitched, yenye mke mchawi. Akafuatwa mwaka 1969 na Akko, mwenye kioo kinachomgeuza awe mtu yeyote amtakaye, na kioo hicho kikauzwa madukani kama kitu cha kuchezea, desturi ambayo haijaachwa tena. Kwa miaka mingi mabinti hawa walitumia nguvu zao, aghalabu, kwa mambo ya nyumbani na shuleni. Mwaka 1992 Sailor Moon ya Naoko Takeuchi ikauunganisha mkondo huo na mwingine, ule wa makundi ya askari watano wenye mavazi ya rangi mbalimbali ambao wavulana walikuwa wakiwatazama katika televisheni, na wasichana wakapewa dunia nzima waitetee. Usagi, kiongozi wao, ni mlizi, mvivu wa masomo na mchelewaji wa kila asubuhi. Ami ni mwenye bidii ya kusoma na upweke mwingi. Rei ni mhudumu wa hekalu mwenye hasira za karibu. Makoto ni mrefu, hodari wa kupigana na hodari zaidi wa kupika. Minako huota umashuhuri. Hulka tano, kila moja imekamilisha upungufu wa nyingine, na katikati yao amewekwa mnyonge wao, ambaye huruma yake ndiyo silaha ya mwisho. Naona kwamba Takeuchi alitenda jambo kubwa kuliko alivyosifiwa: alimwonyesha mtoto wa kike kwamba kulia si kizuizi cha ushujaa. Mwaka 2011 Madoka Magica ikayachukua mapambo yote ya aina hii, riboni, vazi la waridi na mnyama mdogo mwenye kusema, ikauliza swali ambalo hakuna aliyethubutu kulisisitiza kiasi hicho kabla yake, nalo ni hili: mtoto apewaye nguvu kama hizo ametia saini mkataba gani, na anayempa anafaidika nini? Jawabu ni la kutisha, na asiyeyajua mapatano ya zamani hawezi kuusikia uzito wa kuvunjwa kwake.

Mkondo wa majitu ya chuma ulipita njia ya namna hiyo hiyo. Tetsujin wa Mitsuteru Yokoyama, aliyeanza kuchorwa mwaka 1956, alikuwa silaha iliyosalia kutoka vitani, na mtoto humwongoza kwa mbali akiwa na kifaa mkononi. Aliyekishika kifaa ndiye bwana wake, mwema au mwovu. Mwaka 1972 Go Nagai akamwingiza mvulana ndani ya kichwa cha jitu katika Mazinger Z, na tangu hapo jitu likawa mwili wa pili wa kijana, lenye kuumia anapoumia. Tarehe 7 Aprili 1979 kikaanza kisa cha Gundam cha Yoshiyuki Tomino, mtu aliyezaliwa mwaka 1941, ambaye aliyaondoa mazimwi yote akaweka mahali pake vita vya wanadamu kwa wanadamu, pande zote mbili zikiwa na wema na waovu. Amuro, rubani wake kijana, haombi kupigana na hushikwa na hofu hadi kukataa kutoka kitandani. Na hasimu wake Char, mwenye barakoa, ana kisasi cha haki mikononi na hila zisizo za haki. Watazamaji walikuwa haba, na kisa kilichokusudiwa kuwa na mafungu 52 kikakatizwa kwenye la 43. Ni marudio yake na vinyago vya plastiki vya kuunganisha, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1980, vilivyokiokoa na kukifanya kuwa biashara isiyokufa. Kisha, mwezi wa Oktoba 1995, mwaka ule ule wa tetemeko la Kobe na wa gesi ya sumu katika reli za chini ya ardhi za Tokyo, Hideaki Anno akatoa Evangelion, na ndani ya jitu akamweka Shinji, mtoto wa miaka 14 aliyeitwa na baba asiyempenda, ambaye hupanda kwa sababu moja tu: huenda akasifiwa. Hiyo ndiyo kazi ya aina hii ninayoiheshimu kuliko zote, kwa kuwa ilimuuliza mtazamaji wa kiume kile alichokuwa akikitafuta ndani ya chuma miaka yote.

Majitu haya yaliwafikia mapema wasikilizaji wa Kiarabu. Kisa cha Grendizer, cha Go Nagai huyo huyo, kilitiwa sauti za Kiarabu huko Lebanoni na kupendwa mno Mashariki ya Kati. Na baadaye kile cha kandanda cha Captain Tsubasa, kilichoanza mwaka 1981 kwa kalamu ya Yoichi Takahashi, kikaenea kwa jina la Kapteni Majid. Kizazi cha watoto wa Ghuba, wakiwamo wa nyumba za Oman zinazozungumza Kiswahili, kilimjua mvulana huyo kwa jina la Kiarabu na kuamini ni wa kwao.

Ipo aina ambayo haina vita wala uchawi, na mgeni huipita bila ya kuiona. Sazae-san, kisa cha familia moja ya kawaida kilichotokana na michoro ya Machiko Hasegawa, kilianza katika televisheni tarehe 5 Oktoba 1969 na kimekuwa kikionyeshwa kila Jumapili jioni tangu hapo, ndicho kisa cha katuni kilichodumu kuliko vyote katika televisheni za dunia. Watu wake wamepewa majina ya mambo ya bahari, mama mwenye nyumba kwa jina la konokono wa baharini, kaka kwa jina la samaki wa jamii ya jodari, dada kwa jina la mwani. Hawazeeki, hawahami, na shida yao kubwa ni mwavuli uliosahauliwa au sahani iliyovunjika. Wajapani wengi husema kwamba wimbo wake wa mwisho huwatia unyonge, kwani Jumatatu imekwisha kubisha hodi. Ustahimilivu wa kukitazama kitu kidogo kwa makini ni sifa ya sanaa ile tangu zamani, na asiyeonja aina hii hajaijua anime.

Kuhusu aina iliyotawala miaka ya karibuni, iitwayo isekai, ambayo mtu mnyonge hufa ghafla, mara nyingi kwa kugongwa na lori, akaamka katika dunia nyingine akiwa na nguvu zisizo na mfano, sitasema mengi. Nyingi ya hadithi hizi zimetoka katika tovuti iliyofunguliwa mwaka 2004, ambamo yeyote huweza kuchapisha riwaya yake, na zinabeba alama ya asili hiyo: haraka, maneno mengi na matamanio yaliyotimizwa kabla hayajakua. Miyazaki, katika Spirited Away ya mwaka 2001, naye alimpeleka mtoto dunia nyingine. Lakini Chihiro hakupewa nguvu yoyote, alipewa ufagio na kitambaa cha kusugulia sakafu katika nyumba ya kuogea miungu, akajifunza kufanya kazi, kuomba kwa adabu na kushukuru, na akarudi. Kati ya njia hizo mbili, moja humwongezea mtazamaji kitu na nyingine humbembeleza tu.

Imebakia habari ya mabinti na hulka zao, ambayo vijana huizungumzia kuliko habari nyingine yoyote. Wameziainisha kwa majina: tsundere ni yule mwenye ulimi mkali na moyo laini, anayemtukana ampendaye kwa kuona haya ya kumpenda, kuudere ni mtulivu asiyeonyesha hisia, na joto lake hupatikana kwa subira, dandere ni mnyamavu kwa woga wa watu, na yandere ni yule ambaye mahaba yamemharibu akili hadi kufikia kumwaga damu. Mfano wa tabia hizi huonekana tangu zamani, na Rumiko Takahashi, aliyeanza kuchapisha mwaka 1978, alimchora msichana mkali mwenye huba iliyofichwa kwa uhodari ambao wachache wameufikia. Lakini ni baada ya Evangelion, yenye Asuka mwenye makeke na Rei asiye na tabasamu, ndipo hulka zilipoanza kuuzwa zikiwa zimetenganishwa na watu wake. Mwanafalsafa Hiroki Azuma, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, alieleza kwamba watazamaji wa kizazi hicho hawakuwa wakitafuta tena hadithi kubwa, bali vipande vya kupendeza vilivyowekwa kana kwamba katika ghala: rangi fulani ya nywele, unyamavu wa namna fulani, masikio ya paka, miwani, na mtengenezaji huchagua humo na kuunganisha. Naafikiana naye, na jambo hili linanihuzunisha. Rei wa Anno alikuwa kimya kwa sababu nzito iliyomo ndani ya kisa, na ukimya wake ulikuwa shtaka dhidi ya waliomtumia. Walioiga waliuchukua ukimya wakaliacha shtaka, na mwanamke akabaki pambo. Kipimo changu ni chepesi: binti wa tsundere akipewa sababu ya ukali wake na haki ya kukosea, ni mtu, asipopewa, ni tabia iliyovikwa nguo.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa wazazi. Tarehe 16 Aprili 1988 majumba ya sinema ya Japani yalionyesha kwa pamoja filamu mbili za studio moja, Ghibli, kwa tikiti moja: Totoro ya Miyazaki, ya dada wawili na zimwi jema la msituni, na Kaburi la Vimulimuli ya Isao Takahata, ya kaka na dada wanaokufa njaa baada ya Kobe kuteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, na Takahata, ambaye alinusurika utotoni katika shambulio la mabomu la Okayama mwaka ule ule, hakuwapunguzia watoto lolote. Watoto wa filamu zote mbili wana macho makubwa na mashavu ya mviringo, na picha zao zikibandikwa ukutani hakuna awezaye kusema ni wepi watakaoishi. Kwa hiyo, mzazi, usimpe mwanao anime kwa kutazama sura za watu wake, wala usimnyime kwa sababu hiyo. Uliza imeandikwa kwa wasomaji wa umri gani, kisha keti naye mtazame fungu la kwanza pamoja.